Mnili wa Kawalase

Jumamosi, 9 Machi 2013. Lodwar

Nilifika jana, na leo nimelala hadi saa nne nikipona uchovu wa barabara ya Kitale. Chumba changu kiko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: kitanda, meza, dirisha la wavu. Majirani wote wamefungulia redio kusikiliza matokeo ya uchaguzi. Maji ya bomba yanatoka ya moto kama ya kuoshea sufuria.

Niandike kwa nini nipo hapa, maana sina wa kumweleza. Kwa miaka kumi na minne nimefanya kazi moja Nairobi, katika hifadhi ya mimea iliyokaushwa: naletewa mmea uliobanwa kati ya magazeti, naubandika kwenye karatasi ngumu, naandika lebo, naweka kabatini. Sijawahi kutumwa popote. Mwaka huu Dakta Muthoka, mkubwa wangu, ameumia goti wakati kitabu chake cha minili ya kaskazini kinakaribia kwenda kuchapwa, kwa hiyo nimetumwa mimi kwa msimu mzima wa mvua.

Mnili ni mmea mdogo. Haufiki goti, na maua yake mekundu hayazidi punje ya mchele. Uko katika familia ya mikunde, jenasi Indigofera, na jenasi hiyo ina spishi nyingi zinazofanana kama watoto wa tumbo moja. Ya hapa Lodwar ilikuwa ikiandikwa kwa majina mawili. Dakta anasema ni mmoja tu, na kwamba tofauti ni ya udongo na maji. Kazi yangu ni kumletea sampuli za kutosha ili afunge mjadala. Pia kuna shirika Kakuma linalotaka orodha ya majani ambayo wanawake wa kambi ya wakimbizi wanaweza kuwakatia mbuzi. Mnili uko kwenye orodha hiyo.

Mama alikuwa akinipigia simu kila siku baada ya taarifa ya saa moja. Tangu tumzike Wundanyi mwezi wa Oktoba, saa moja inapita tu.

11 Machi

Joto. Hakuna mnili. Hakuna hata nyasi.

14 Machi

Mwenye nyumba amenitafutia mtu wa kunitembeza. Anaitwa Nabei, mjane wa marehemu Lomunokol, mama wa miaka hamsini na kitu anayechunga mbuzi wake ng'ambo ya mto Kawalase. Wote wanamwita Mama Ewoi kwa jina la mwanawe mkubwa. Nilimwambia "Ejok", salamu ya Kiturkana, nilivyofundishwa. Akaitika, akanitazama viatu, akaanza kutembea. Kuanzia saa moja hadi saa sita sikumsikia akisema neno. Nilipomwonyesha picha ya mnili aliigeuza, akatazama nyuma ya karatasi kama anayetafuta mizizi.

Nadhani hanipendi.

18 Machi

Tumetembea. Hakuna mvua.

23 Machi

Mvua ilianza saa nane mchana bila salamu. Kawalase, ambao asubuhi ulikuwa mchanga mtupu, ulijaa hadi ukingoni kwa muda wa kupika chai. Watu walisimama kuutazama. Nami nilisimama, nikageuka kumwambia mtu jambo, nikakumbuka kwamba simjui yeyote pale.

31 Machi, Pasaka

Kanisani waliimba vizuri. Nilikula peke yangu.

Vichipukizi vimetoka kila mahali.

6 Aprili

Umechanua! Nimeuona wa kwanza chini ya mgunga, umelala mchangani na maua manane. Nilipiga magoti na kuutazama kwa lenzi ya mkono. Miaka yote hii nimeyabandika maua haya yakiwa na rangi ya karatasi kuukuu. Sikujua kwamba yana wekundu wa namna hii, wala kwamba mchana yanafunga.

Tulikusanya mafungu mawili, nikayatandaza kwenye magazeti. Nilipokwenda kunywa maji Nabei aliinama akaanza kutoa baadhi ya mimea na kuitupa kando. Nikamuuliza kulikoni.

"Hii si hii," akasema.

Niliitazama. Iliyotupwa ilikuwa mirefu kidogo, shina lake jekundu zaidi. Maua yalikuwa yale yale, majani yale yale. Udongo na maji, kama anavyosema Dakta. Nikairudisha. Akaitoa tena. Nikairudisha tena na kufunga presi, zile mbao za kubania mimea. Alikaa kimya hadi tulipoachana, lakini yeye hukaa kimya siku zote.

9 Aprili

Sampuli kumi na mbili. Nabei ameendelea na mchezo wake wa kutoa. Inanichosha.

12 Aprili

Nimemwandikia Dakta barua pepe kutoka saiba ya stendi, nikamtajia kwa mstari mmoja kwamba mama wa hapa anaona ni mimea miwili. Amejibu: wenyeji mara nyingi huupa mmea mmoja majina mawili, uchanga wake na uzee wake. Endelea na kazi nzuri.

20 Aprili. Kakuma

Niandike yote ya leo, maana imekuwa siku njema.

Shirika lilinipa nafasi ya kuzungumza na wanawake wapatao ishirini wenye mbuzi wawili watatu. Wakimbizi hawaruhusiwi kuchunga nje, hivyo mbuzi wanafungwa ndani ya ua na kuletewa majani. Nilichora mnili mkubwa ubaoni. Niliwapitishia miche mibichi, nikawaambia huu ni salama, mkaukate kando ya mto Tarach. Chagueni ile mirefu, nikasema, mzigo unajaa upesi.

Mama mmoja wa Sudan Kusini aliuliza kama kweli ni salama kwa mbuzi mwenye mimba. Nikamwambia ndiyo. Baada ya kikao alinifuata akauliza tena. Nikamwambia orodha imeandikwa na ofisi ya Nairobi, na ofisi ndiyo inayojua mimea yote ya Kenya. Akacheka, akanishika mkono, akanipeleka kwake.

Anaitwa Nyakong. Anaishi na mjukuu wake Nyamal, wa mwaka mmoja na nusu, ambaye mama yake amerudi Bentiu kutafuta kazi. Mbuzi wake ni wanne, watatu wana mimba. Aliwahesabu kwa ajili yangu kwa kuwagusa vichwa. Wakizaa, akasema, Nyamal ataacha kunywa uji wa maji matupu. Alinipa chai ya tangawizi na kisra, mkate mwembamba wa kwao, akakaa nami hadi nilipomaliza, kama vile hana kazi nyingine. Mtoto alilala kwenye paja langu.

Ni mara ya kwanza tangu Machi kula na mtu.

22 Aprili

Nimerudi Lodwar. Kimya cha chumba kimekuwa kikubwa zaidi.

27 Aprili

Mvua. Magazeti ya presi hayakauki. Nimeyaanika juu ya mabati ya mwenye nyumba.

2 Mei

Nabei ameacha kazi. Ewoi, mwanawe, alikuja naye leo kuchukua sukari niliyomnunulia, na kwa mdomo wa mwanawe akaniuliza niliwafundisha nini wanawake wa kambini. Nikaeleza. Nikamwonyesha na mchoro, mnili mrefu wenye mashina mengi. Aliutazama, akainuka, akaondoka bila hata kuichukua sukari. Ewoi alisema mama amechoka jua. Nadhani amekasirika kwamba nimewapa wageni majani ya kwao. Watu wa hapa na wakimbizi hugombana kwa kuni na maji, sasa na majani.

Nitamaliza mwenyewe.

5 Mei

Nilipotea saa mbili nzima nyuma ya mlima. Hakuna aliyejua kwamba nimepotea. Baadaye nilijiona nimerudi.

8 Mei

Sampuli thelathini na nne. Maganda yameanza kukomaa.

11 Mei

Simu imelia mchana. Ni Nyakong. Aliniuliza kama nina afya, nikasema ninayo. Akasema, "Njoo uone," akakata.

12 Mei. Kakuma

Nilipata gari la asubuhi. Uani kwake walikuwepo wanawake watano niliowafundisha, na hakuna aliyeitikia salamu yangu kwa sauti. Nyakong aliinua gunia lililokuwa pembeni ya ukuta. Chini yake kulikuwa na vitoto viwili vya mbuzi juu ya kipande cha katoni, havijaota manyoya, macho yamefumba.

Alinieleza bila kupandisha sauti. Jumatano mbuzi wa kahawia aliharibu mimba. Ijumaa akafuata mweusi. Mweusi hakuinuka tena, alikufa jana alfajiri. Wa tatu bado amesimama, lakini hataki kula. Mama wa upande wa pili naye amepoteza kitoto kimoja. Wote walikuwa wakila majani yale kwa wiki mbili.

Nikaomba nione majani. Akaniletea fungu. Ilikuwa ni ile mirefu, yenye shina jekundu, mizuri, mibichi, imefungwa kwa ukindu kwa uangalifu kama zawadi. Nikakumbuka nilivyosema mzigo unajaa upesi.

"Mimi niliuliza wewe mara mbili," akasema Nyakong.

"Ndiyo. Uliniuliza."

"Ulisema ofisi inajua."

"Nilisema."

"Sasa Nyamal atakunywa nini?"

Nikafungua mkoba wangu. Nilikuwa nimemletea mtoto kopo la maziwa ya unga. Nyakong alilipokea na kuliweka chini bila kulitazama, kisha akaingia ndani. Wale wanawake wengine waliendelea kusimama. Nilikaa kwenye kigogo kwa muda mrefu nikingoja atoke. Hakutoka. Chai hakunipa, na sijui kwa nini hilo ndilo lililoniliza njiani, na si vitoto vya mbuzi.

13 Mei. Lodwar

Nimefungua presi zote. Nimetoa maganda yaliyokomaa, nikayapanga juu ya shuka jeupe, nikayatazama moja moja kwa lenzi tangu asubuhi hadi alasiri.

Ni miwili. Mmoja ganda lake limenyooka na lina vinywele vyeupe, na mbegu zake ni laini. Wa pili ganda linapinda juu kidogo nchani, vinywele ni vya rangi ya kutu, na mbegu zina vishimo kama ngozi ya chungwa. Hakuna wa katikati. Nimetafuta ganda moja tu la katikati kati ya mia mbili na kumi, halipo. Sampuli zetu Nairobi karibu zote zilikusanywa zikiwa na maua, na maua hayana tofauti. Maganda machache yaliyokuwepo yalidondoka miaka mingi iliyopita. Nimewahi kuyafagia mezani mwenyewe.

Kila mmea Nabei alioutoa, nami nikaurudisha, ni wa vishimo. Kila mmoja.

14 Mei

Nilivuka Kawalase kwa miguu, maji yakinifika magotini. Nabei alikuwa amekaa kivulini akishona ngozi. Nikamwambia yaliyotokea Kakuma. Alisikiliza hadi mwisho, sindano imesimama mkononi.

"Nilitoa. Ulirudisha," akasema. "Nilitoa tena. Ulirudisha tena."

Nikamuuliza kwa nini hakunieleza.

"Nilisema hii si hii. Kiswahili yangu iko hiyo tu."

Baadaye Ewoi alikuja akatusaidia. Mwaka ambao Nabei aliolewa, mbuzi kumi na mmoja wa mume wake waliharibu mimba katika wiki moja, na yeye, bibi harusi mgeni, ndiye aliyelaumiwa, kwa kuwa ndiye aliyechunga. Mama mkwe wake alimchukua mtoni, akamtafunisha majani ya mimea yote miwili hadi akajua kutofautisha kwa ulimi. Mmoja unaacha uchungu nyuma ya koo. Tangu hapo mbuzi wenye mimba huwapitisha mbali na mto kila mvua. Mmoja anauita wa mbuzi. Mwingine ni wa kuacha.

Siku aliyoiacha kazi alidhani nimewafundisha wakimbizi makusudi ule mbaya. Aliogopa kukaa karibu na mtu wa aina hiyo.

Nikaomba nami nitafune. Niliutafuna wa mbuzi, nikaona si kitu, jani tu. Niliutafuna wa kuacha, na uchungu ulikaa kooni hadi nilipofika nyumbani.

15 Mei

Nimemwandikia Dakta kurasa tatu, na picha za mbegu. Pia nimempigia afisa wa shirika Kakuma, nikamwomba awaambie wanawake waache. Anasema hawezi kubadili orodha bila barua ya Dakta.

17 Mei

Dakta amejibu. Mbuzi huharibu mimba kwa sababu hamsini, kasema, na majani ni mojawapo tu. Muswada uko tayari. Mbegu za mimea ya jangwani hubadilika sura kwa ukame. Halafu mstari wa mwisho: "Mghoi, wewe ni mbandikaji hodari kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Nakuomba ubaki kwenye kazi hiyo."

Nimeusoma mara nyingi. Nilitamani sana kumsomea mtu.

18 Mei

Sikutoka.

19 Mei

Wala leo.

21 Mei

Nimezigawa sampuli katika mafungu mawili, kila moja na mfuko wake wa mbegu. Nimemwandikia Dakta kwamba nitaleta mafungu mawili, na kwamba akiyachanganya atayachanganya kwa mkono wake mwenyewe. Nilituma kabla sijaogopa.

Kisha nikaenda kwa Nabei kumwomba tufuatane Kakuma. Alisema ana mbuzi wa kuchunga. Alisema kule hamjui mtu. Nikamwambia nami huku sikumjua mtu. Akamwita Ewoi na kumwachia fimbo.

24 Mei. Kakuma

Nyakong hakutoka kutusalimu. Tulisimama langoni juani, mimi na Nabei. Niliwaza kurudi. Nabei hakungoja. Alipita ua moja kwa moja hadi kwa mbuzi, akachuchumaa, akampapasa yule wa tatu tumboni kwa mikono yote miwili, akaweka sikio. Nyakong akatoka mbio kuuliza ni nani huyo.

"Huyu bado," Nabei akamwambia. "Mtoto iko. Mpe maganda ya mgunga. Hiyo ya mto, acha kabisa."

Nyakong alinitazama mimi, akamtazama yeye. Akauliza amejuaje. Nabei akamshika mkono akauweka tumboni kwa mbuzi, na wote wawili wakangoja, vichwa vimekaribiana. Kisha Nyakong akacheka kidogo kwa pua. Kitoto kilikuwa kimepiga teke.

Mchana aliwaita wale wanawake. Nabei aliwatandazia minili mchangani, akawafanya waitafune mmoja mmoja, na kila aliyekunja uso alimwambia, "Hiyo." Haikuhitaji ubao. Waliongea Kiswahili cha vipande, Kiarabu cha Juba, Kiturkana na mikono, kuhusu kwato na maziwa na fisi. Nilikaa kando nikimshika Nyamal, ambaye amekonda. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenisemesha pia.

Jua liliposhuka Nyakong alileta chai, akampa Nabei, akawapa wengine. Mwishowe akaweka kikombe karibu na mguu wangu na kuondoka bila neno. Nilikunywa.

29 Mei

Mvua imekwisha. Minili inakauka na kuwa ya rangi ninayoijua.

2 Juni

Nyakong alipiga simu saa moja jioni. Alisema, "Amezaa. Jike." Nikamwambia asante Mungu. Tukakaa kimya kwenye simu, hakukata, nami sikukata, hadi salio lake lilipokwisha.

3 Juni

Dakta amepiga simu mwenyewe. Ametazama picha za mbegu tena, na amemwomba mtu amshushie kabati zima la minili. Ganda lililokomaa limepatikana kwenye karatasi tatu tu, na moja lina vishimo. Hakusema nimekosea wala nimepatia. Alisema ameliandikia shirika wafute mnili kwenye orodha, na kuhusu kitabu ataona, kwani kukirudisha nyuma ni kazi ya mwaka. Kisha akauliza goti lake litawezaje safari ya kule mwakani, wakati wa mvua. Nikamwambia tutamtafutia punda.

4 Juni

Kesho naondoka. Leo nimekwenda ng'ambo kumuaga Nabei, na kuandika lebo za mwisho mbele yake, maana kila lebo ina mahali pa jina la mkusanyaji na nilitaka liwe lake. Nikamweleza kwamba karatasi hizi hukaa miaka mia, na kwamba yeyote atakayezifungua atasoma Nabei Lomunokol, Lodwar.

Akaniuliza ni mnili upi. Nikamwonyesha ule uliokuwa juu, wa ganda lililopinda.

Alitikisa kichwa. Akausogeza kando kwa kidole, akavuta fungu la pili karibu.

"Mimi weka kwa hii ya mbuzi," akasema. "Hiyo ya kuacha andika wewe."

Nikaandika jina lake kwenye karatasi kumi na tisa. Kwenye kumi na tano zilizobaki nikaandika langu. Alikaa nami hadi wino ulipokauka, kisha akainuka kwenda kwa mbuzi wake.